Kisanduku cha Tano

Barua ilikuja Jumanne, imekunjwa mara tatu
ndani ya bahasha moja na karatasi ya mshahara.
Karakana yetu ya mizani inahama Radom,
inakwenda Płock, ng'ambo ya mto Wisła,
kilomita mia mbili kasoro kidogo,
kabla theluji ya Machi haijayeyuka.

Chini, visanduku vinne. Tia alama kimoja tu.

Hamia: kampuni italipa lori na kodi ya miezi mitatu.
Safiri kila siku: kampuni italipa nusu ya nauli.
Subiri nafasi katika idara nyingine
(idara ambayo hakuna aliyewahi kuuona mlango wake).
Ondoka, na mkono wa heri wa mishahara mitano.

Njia mbili zilimshinda fisi;
sisi tumepewa nne, na kalamu.

Halszka alitia alama akiwa bado amesimama, koti mwilini.
Ana miaka ishirini na sita,
mali yake yote inaenea kwenye gari la shemeji.
"Mji ni mji," alisema, akalamba bahasha.

Ireneusz alipiga hesabu juu ya kifuniko cha boksi:
saa tatu kwenda, saa tatu kurudi,
mara siku mia mbili na ishirini.
Akapata siku hamsini na tano za mwaka,
usiku na mchana, ndani ya basi.
Akafuta kwa kiwiko, akaanza upya,
kana kwamba hesabu ingemwonea huruma.

Wit amebakiza miezi kumi na minne astaafu.
Aliuliza swali moja tu:
miezi hiyo yaweza kuhesabiwa nikiwa nimelala?
Tulicheka. Yeye hakucheka.

Na mimi?
Gracjan huoka mikate usiku;
tunapishana mlangoni alfajiri,
yeye ananuka hamira, mimi dawa ya meno,
na hiyo ndiyo ndoa, na inatutosha.
Kalina ana mtihani wa mwisho mwezi wa Mei.
Nina kijibustani kando ya reli,
mti mmoja wa plamu unaozaa mwaka huu
na kususa mwaka unaofuata.
Haya nayatia kisanduku kipi?

Miaka kumi na tisa nimefundisha vyuma kusema kweli:
mizani ya mchinjaji, ya sonara,
ile ya zahanati inayolaliwa na vichanga.
Gramu moja ikidanganya, naijua.
Lakini sijui ana kilo ngapi
jirani anayekutunzia ufunguo wa akiba.

Basi nikachora kisanduku cha tano,
kwa rula, kisipungue wenzake hata uzi.
Nikaandika: Nibaki Radom na begi la zana,
niwahudumie wateja wenu wa huku,
Płock nije mara moja kwa mwezi.

Bwana Zdzisław wa ofisi ya wafanyakazi
alikitazama kama unywele ndani ya supu.
"Hiki hakimo."
"Sasa kimo."
"Tutaona," alisema,
neno ambalo wakubwa wakilitamka
maana yake ni hutaona.
Hata hivyo hakukikata.
Alipiga muhuri, ukaenda upande,
nusu ya wino ikaangukia kwangu.

Leo lori limebeba shehena ya kwanza.
Sakafuni pamebaki madoa manne manne, meupe,
miguu ya meza ilipokuwa.
Bingwa wa tungo akinisoma atasema
maneno haya hayana mizani.
Kweli hayana. Zote zimo maboksini,
zimeelekezwa kaskazini, na mshale: juu ni huku.

Isipokuwa mfukoni mwa aproni
nimekuta jiwe la gramu mia mbili,
dogo, la shaba, limepata joto la mwili wangu.
Linatakiwa Płock.
Wakisema ndiyo, nitalipeleka mwenyewe.
Wakisema hapana,
walifuate.