Koti la Mzee Alwin

Koti lile hataki lifuliwe.
Kifuani herufi nne: SAAR.
"Jasho la yule Mfini," asema, "bado limo."

Aliangushwa Helsinki dakika ya tatu.
Ya tatu!
Anaitamka kama wengine watamkavyo dhahabu.
Aliporudi Völklingen, wachimba makaa
walimbeba juujuu, shingo ikajaa masizi,
mshindwa wao, wao wenyewe.

Kisha ikaja kura.
Nchi ikakunjwa
kama kitambaa cha meza wageni wakishaondoka.
Naye alipiga. Alipiga upande wa kukunja.

Mjukuu auliza: Babu, bendera hii ya wapi?

Kitufe kimedondoka.
Alwin anapiga magoti, anapapasa chini ya kochi,
anakitafuta muda mrefu
kuliko kitufe kinavyostahili.