Daftari la Upepo

Kabla ya nyumba, kabla ya choo,
kabla hata ya kumaliza ugomvi wa mpaka na akina Chavala,
tajiri alimwaga zege la duara juu ya kilima,
malori kumi na manne ya kokoto kutoka Mafinga,
na katikati, kwa rangi nyeupe, herufi moja.

Sisi wa darasa la pili tukaisoma kwa sauti:
He!
Bibi akadhani tumeshangaa.
Naye akashangaa.

Baba alipewa kazi: buti, koti la mvua, ufagio,
na daftari la kuandikia upepo.
Kila asubuhi alipanda, akautazama mfuko wa rangi ya chungwa
uliovimba juu ya mlingoti
kama shavu la mpiga tarumbeta wa kanisani,
akaandika kwa mwandiko wake wa elimu ya watu wazima:
Upepo, wa kusini. Ukungu, mpaka saa nne.
Chopa, haijaja.

Ilikuja mara tatu.
Ya kwanza, kuku wa Semfilinge waligoma kutaga wiki nzima.
Ya pili ilishusha mbwa, ikapakia mbwa.
Ya tatu tuliisikia tu.
Juni, ukungu umeilalia chai yote,
ngurumo inazunguka, inazunguka, inatafuta,
na baba huku chini amewasha matairi pande nne,
anapunga koti, anaita, Hapa! Hapa!
kama mtu anayemwita ng'ombe wa jirani.
Ikaondoka.
Mshahara wa miezi mitano nao ukabaki huko juu.

Masika yaliyofuata
barabara ilikatika pale kwenye kinu,
na dada Twilumba akashikwa na uchungu usiku.
Wanaume sita, machela ya mianzi, tope magotini.
Walipofika kilimani Mama Nyalusi akasema,
Mtueni. Hapa hapa. Kwingine kote ni maji.
Wakamtua
kati ya nguzo mbili za ile herufi,
juu ya zege lililokuwa likingoja wakubwa.
Tochi ya simu. Koti la kampuni.
Mtoto akaja kichwa mbele,
hakuomba ruhusa kwa mtu.
Baba aliushusha ule mfuko wa chungwa, akamtumbukiza humo,
ukamwenea mpaka kidevuni.

Na kesho yake, maana kazi ni kazi:
Upepo, hakuna.
Ametua mmoja. Wa kike. Kilo hatukupima.

Tangu hapo upepo anaupima kwa moshi wa jiko la Semfilinge.

Rangi imekwisha. Nyufa zimeota mbigili.
Tunaanika maharage pale, na pareto ikiwa na bei,
na mama na Semfilinge hawasemeshani
kwa sababu ya upande wa mashariki, unaowahi jua.
Mwaka juzi walikuja watu wa benki na kishikwambi,
wakalizungushia duara kamba, wakaandika tarakimu,
wakauliza kama ulanzi umeshachachuka.
Ulikuwa umechachuka.
Walilala kwetu.

Magoti ya baba sasa yamekikataa kilima.
Nilimwambia, Mzee, hakuna anayekulipa.
Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anapumua.
Humtuma mjukuu.
Yeye hupanda mbio, hulowesha kidole, hukiinua,
hushuka na habari zote, na nyingine za kutunga,
na tangu ajue kuandika, kalamu ameishika yeye.

Jana nimelifunua daftari la kumi na moja.
Upepo, wa mashariki, una harufu ya mvua.
Maharage, anueni.
Chopa,
na hapo mwandiko umesimama,
kuna kifutio kilichopita mara mbili, karatasi imechubuka,
kisha, kwa herufi zilizoinama:
ni nini, babu?