Sale

Waliniambia nilikuwa nimelala.

Walianza jioni ileile,
ndafu ya Krismasi ikiwa bado motoni, hakuna aliyeigeuza.
"Ndeshi, ulikuwa umelala," alisema shangazi Aikande
akinisugua vidole kwa sabuni ya mche,
mpaka chini ya kucha,
kama mtu anayeosha sufuria ya jirani kabla ya kuirudisha.
"Chumba cha nyuma, na bibi. Sawa?"
Bibi akaitikia kwa kichwa. Hakunitazama.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikajifunza kulala.

Bastola ilikuwa ya baba mdogo Eliufoo,
aliyepanda nayo kutoka Dar chini ya kiti cha gari
pamoja na kanga za bibi na mashati ya kutugawia.
Nilitumwa kopo la biskuti.
Nikarudi na kitu kizito, baridi kama kufuli.
Anande akacheka, akanyoosha mikono juu
kama mwizi wa kwenye luninga.
Alikuwa na pengo. Jino alilirusha juu ya bati Jumanne,
akawa anadai jipya kila asubuhi.

Mlio siukumbuki.
Nakumbuka ng'ombe akipiga mateke bandani,
na biskuti ambazo hakuna aliyezileta.

Polisi walipofika Uru, gizani, tope hadi magotini,
baba alikuwa ameshavaa koti.
"Ni mimi. Nilikuwa naisafisha."
Baba, ambaye hata kuku alichinjiwa na jirani.

Miaka sita Karanga.
Mama alishuka mjini na kapu, akapanda na kapu tupu:
"Anakusalimia. Anauliza hesabu zinaendaje."
Zilikuwa zinaenda. Miaka sita, gawanya kwa sekunde moja.
Kwenye arusi na matanga kata ya mbege ilizunguka
ikaruka kiti cha mama, ikaendelea,
na mama akawa anatengeneza kilemba chake
kama mtu asiye na kiu.

Alirudi wakati wa masika, na viatu visivyo vyake.
Hakuuliza neno. Alikwenda kuhesabu migomba.

Kwetu, anayekuja na sale hafukuzwi.
Hata aliyeua. Hata aliyehamisha mpaka usiku.
Jumamosi nilikata jani moja pale mpakani, nikalipiga fundo,
nikamkuta baba anakatakata mgomba wa ng'ombe.
Nikapiga magoti kwenye maganda.
"Baba. Sikuwa nimelala."

Panga likabaki juu.
Kisha akalishusha taratibu, akafuta mikono kwenye suruali,
akalipokea jani, akaligeuza, akanirudishia.
"Hili si langu. Mimi nilipokea siku ileile,
kabla hujalikata. Mpelekee mtoto."
"Anande?"
"Hapana. Yule mwingine. Yule tuliyemlaza."

Sikuelewa, na sikujifanya nimeelewa.
Nilikaa nalo mfukoni mwa sketi ya shule siku tatu.
Mwalimu wa fizikia aliandika ubaoni:
kila kani ina kani kinzani, iliyo sawa nayo.
Nikanakili. Mwandiko ulikuwa mzuri.
Mkono ulianza kutetemeka njiani, karibu na mashine ya kusaga,
nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Jana usiku nilifungua chumba cha nyuma.
Bibi hayupo tena; kitanda kimejaa magunia ya mahindi.
Nilimkuta ukingoni, miguu haifiki sakafuni,
vidole vinanuka sabuni ya mche.
Miaka minane amekaa macho makavu, akitii.

Sikumwambia hakufanya. Alifanya.
Nilimwambia: ulitumwa biskuti.
Nilimwambia: mkubwa mmoja aliacha gari wazi,
na wakubwa wote wakakufunga wewe mdomo.
Nilimwekea sale kiganjani, limenyauka, fundo bado limekaza.
Aliliangalia kwa muda mrefu. Sijui kama amelipokea.

Mvua ilianza kugonga bati,
na huko juu, pengine, lile jino.

Nikasogeza magunia, nikatoa nafasi.
Nikamwambia, na mara hii haikuwa uongo:
lala.