Tahajia

Washington, Februari, chumba mia mbili na kumi na tisa.
Nje theluji imegeuka tope la chumvi,
ndani zulia limelowa viatu vya mashahidi.
Mimi kazi yangu ni vidole.
Naandika kinachosemwa mbele ya kamati, basi:
mtu akitikisa kichwa, sikumwona;
akinyamaza, ukurasa nao hunyamaza.

Seneta Halvorsen amepanga mezani ripoti mbili za nchi moja.
"Hii ya mwaka juzi ina kurasa kumi na nne juu ya magereza yao.
Hii ya sasa ina aya moja.
Bwana Pruitt, kulikoni?
Magereza yamebomolewa, au ni wino uliokwisha?"
Bwana Pruitt anajimiminia maji.
Maji hayana herufi. Sikuyaandika.

"Tumepewa hakikisho," hatimaye anajibu,
"kwamba tuliowapeleka wanatunzwa kibinadamu."
Nani wenu kaingia ndani?
"Hakikisho ni la maandishi, Seneta."
Nani kaona?
"Lina lakiri ya wizara yao."

Lakiri ni nta.
Haina tundu hata la kupitisha jicho.

Kisha Bi Nereida Urdaneta, mfua nguo wa hoteli,
mzaliwa wa Maracaibo, koti la kuazima.
Mkalimani ni kijana, na sheria ya ukalimani ni kusema "mimi",
kwa hiyo kijana yule, ndevu zimeanza juzi, akasema:
"Mimi nina mtoto mmoja. Mimi ndiye niliyemzaa.
Anaweka vigae. Magoti yake yana sugu.
Walimpakia usiku, wakamshusha nchi asiyoijua hata bendera yake.
Kila Alhamisi napiga simu. Kila Alhamisi hayumo kwenye orodha."
Hapo sauti yake ikakatika, yake au ya mama,
mashine yangu haina kitufe cha kutofautisha.

Nina ruhusa ya kukatiza mara moja tu, kwa jambo moja tu.
"Tahajia ya jina, tafadhali."

Mama hakumngoja mkalimani.
Alisimama, akaziweka mezani mojamoja, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu:
Y. O. H. E. N. D. R. Y.

Halvorsen akafunua orodha ya ndege, akaishusha miwani.
"Hapa pameandikwa Joandri. Bwana Pruitt,
mmekuwa mkimtafuta nani?"

Saa kumi na moja ikapigwa kura ya kudai ripoti kamili.
Saba kwa saba. Hoja ikaanguka.
Nyundo. Viti. Makoti.
Glasi ya Bwana Pruitt ilibaki imejaa pomoni.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo isemwavyo,
na kwa miaka kumi na tisa nimeona chumba hiki kikiitii methali hiyo.
Usiku nilihakiki nakala, birika likichemka hadi likakauka.
Nikairudia ile tahajia mara tatu kwa kidole.
Ukurasa wa sitini na mbili, mstari wa nne:
yupo.

Huko aliko, sijui.