Tasa

Kwenye mizani ya shangazi Kwandu, Mwaloni Kirumba,
palikuwa na bamba la chuma, na juu ya bamba namba:
73939133.
Kiwanda gani kiliigonga, hatukujua.
Nilijifunzia tarakimu pale, kidole kikinuka dagaa,
kabla sijajua kwamba namba nayo ina tabia.

Darasa la tano, Mwalimu Lutonja akaandika ubaoni:
namba tasa hugawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu.
Tasa.
Darasa zima likanigeukia.
Kirumba nzima ilijua neno hilo huitwa nani.

Jioni nikamwambia. Alikuwa akipima furu wakavu,
akatia kiganja cha nyongeza kama desturi yake,
akasema, "Basi niangalizie na hii ya kwenye bamba."

Nilianza na mbili: haikuingia, namba inaishia na tatu.
Jumla ya tarakimu thelathini na nane; tatu ikaondoka.
Tano haikupiga hata hodi.
Saba ikaacha baki mbili,
kumi na moja ikaacha nne,
kumi na tatu ikaacha nane,
nikaruka kitandani, nimeuona mpango!
Kumi na saba ikaacha kumi na tatu.
Mpango ukaisha, nikachonga penseli.

Mwalimu alinionyesha pa kusimama: kipeuo cha pili.
Mgawaji, kama yupo, mdogo wao hawezi kujificha
ng'ambo ya elfu nane mia tano tisini na nane.
Madaftari matatu. Wagawaji elfu na ushei.
Mvua za vuli zilinikuta, zikaniacha.
Haikugawanyika.
"Nilijua," akasema shangazi, akigawa mafungu ya watu.

Kisha kutu. Ilianzia kulia, maji ya samaki yanakodondokea,
ikala tatu ya mwisho. Nikagawanya upya kilichobaki.
Tasa.
Mwaka uliofuata ikala nyingine. Tasa.
Nikaacha kushangaa, nikawa naandika tu ukutani:

73939133
7393913
739391
73939
7393
739
73
7

Umeyaona mawe ya kule Igogo, yalivyopandana?
Toa la juu, yaliyobaki hayatikisiki.
Ila kuongeza hakuna. Nimejaribu.
Weka moja kule mwisho, tatu inaingia.
Weka saba, tatu inaingia tena.
Weka tatu, weka tisa: hapo ufa umejificha mbali,
niliutafuta hadi jogoo wa jirani akanikaripia,
lakini upo.
Lundo limekwisha hapo. Hakuna jiwe la tisa.

Juzi tumeiuza. Kijana wa vyuma chakavu, Masalu,
aliibeba mizani akaiweka juu ya mizani yake,
ile saba ikitazama angani, peke yake, nyekundu.
"Kilo ishirini na tatu," akasema.
Nikafumbua mdomo, nikitaka kumwambia shangazi
hiyo nayo ni ya ukoo.
Akanikanyaga mguu.
"Ishirini na nne," akamwambia Masalu,
"tuweze kugawana."