Goti Lenye Meno

Watano wamelala kwenye sinia la kahawa la Mama:
kreni, lori la zege, tingatinga,
gari la zimamoto lililopoteza ngazi,
na helikopta ambayo Muhanna aliisahau garini,
Mabela, mwezi wa saba, vioo vimefungwa.
Rangi haikuharibika. Viungo ndivyo vilivyolegea.

Ukiwaunganisha wanakuwa mtu mmoja,
kimo chake toka kiganjani hadi begani kwangu,
na mtu huyo tangu Ijumaa
hajasimama hata kwa muda wa kunywa finjani.

Zahor anasema kosa ni la aliyemchora.
Zahor hukagua nguzo za madaraja, njia ya Sur,
haamini kitu kinachopinda bila kuombwa.
"Mguu ni nguzo, yakhe. Nipe goti lenye meno,
likilia ka, ka, ka, najua limeshika.
Likikunja hatua tatu tu, latosha.
Nani kakwambia jitu lataka kuchuchumaa?"

Muhanna kutwa yuko hospitali, Ruwi,
ananyoosha migongo ya watu.
"Nguzo kaisimamishe uani uanikie kanzu.
Mimi nataka gololi ndani ya kikombe:
nyonga izunguke, kifundo kilale upande,
akipanua miguu, nyayo zibaki chini zote mbili.
Mwili usioinama ni kabati."

"Kabati halianguki."

"Kabati halichezi!"

Mwenye mali hakuulizwa. Nikamimina chai.

Ningeulizwa, ningewaonyesha lori la zege.
Peke yake ni kijana mzuri, wallahi:
kiwiko kinakunja mara mbili, kiganja kinageuka,
shingo inainuka akatazama feni ya dari.
Ili apate hayo yote wamemchimba ndani,
paja limebaki ganda.
Kisha wakampandisha ndugu zake wanne kichwani.

Kreni, mguu wa kushoto, hana shingo.
Mikono imegandana na mbavu kama askari wa gwaride,
hakuna mtoto angemchagua dukani.
Yeye ndiye hatikisiki.

Umoja ni nguvu, tumefundishwa hivyo.
Hatukuambiwa nani atakuwa mguu.

Saa nne usiku wamefika kwenye skrubu.
Zahor anataka kuikaza hadi mwisho,
Muhanna anamshika mkono: plastiki itapasuka,
na kiungo kilichopasuka hakina daktari.
Nikaenda chumbani kwa Thuraya, mwanangu,
nikaiba rangi ya kucha, ile isiyo na rangi.
Tone moja juu ya gololi. Jingine. Ligeuze likauke,
unene wa unywele, usizidi.
Zahor akanusa, akakunja uso:
"Daraja la vipodozi."
Lakini yeye ndiye aliyepepea, kwa bahasha ya bili ya umeme.

Mama akatoka kuswali, chumba cha pili.
Goti lake la kulia ni la chuma, mwaka wa pili sasa.
Linambeba mpaka sokoni, linapanda ngazi,
ila sijda huiinamia akiwa kitini,
na kwa hilo hajamsamehe daktari.
Alipopita nyuma yetu likalia: ka.

Wote wawili wakanyamaza.
Zahor akatazama zulia.
Muhanna, ambaye alimfundisha kulitembelea,
miezi minne, hatua kwa hatua, ukuta kwa ukuta,
akajifanya anatafuta kifuniko cha chupa.

"Sinia langu," alisema Mama. "Nalitaka kabla ya wageni.
Na hiyo harufu, fungueni dirisha."

Tukafungua. Joto likaingia kama mtu mwenye nyumba.
Tukalihamishia jitu mezani, karibu na tende,
tukaligongesha: mguu, mguu, kiuno, mkono, mkono.
Goti lenye meno kushoto, gololi kulia.
Tukatoa mikono yetu, polepole, yote sita.

Limesimama.

Zahor hakusema kitu.
Muhanna akanyoosha kidole kimoja,
akalisukuma kifuani, kidogo tu,
ili ajue.