Mlango wa Dakika ya Arobaini

Alhamisi usiku, Mabela, kiyoyozi kinakoroma,
taa tumezima, bisi zinapita mkono kwa mkono.
Nasra kachagua yeye: maiti ya bibi harusi
inatambaa darini, nywele timtim.

Mimi nimejikunyata. Salmini, eti dume,
kajifunika shela la dadake mpaka puani.
Bi Ruzuna anamenya chungwa.
"Masikini, huyu hajatiwa mafuta," anasema,
"mpeni kitana."

Jini likala paka: "Bahla kuna makubwa kuliko hayo."
Damu ikachuruzika ukutani:
"Rojo la tungule, tena halijaiva."
Tukacheka hata woga ukatutoka.

Kisha, pahala pasipo kitu,
hata ule muziki wao haukupigwa,
mtu akagonga mlango. Jirani tu,
kaja kuazima sukari.

Kisu kikasita katikati ya ganda.
"Zima."
Hatukuzima upesi.
"Zima, nimesema!"

Nasra mpaka leo anasema filamu ile ya kitoto.
Mimi nikiulizwa ipi inatisha kweli, naitaja hiyohiyo,
kwa mlango wake,
na kwa Bi Ruzuna gizani,
miaka sitini tangu aiache Unguja,
midomo ikimcheza bila sauti,
akituhesabu.